Nimeandika kila kitu kuhusu kuku, sasa niandike nini?

Swali: "Nina blogu ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji na chotara hapa Tanzania. Mwaka wa kwanza niliandika makala kama 40: banda, chakula, chanjo, magonjwa, masoko. Sasa nikishika simu naona kila kitu nimeshaandika, na nilichobakiza wenzangu wameshaandika. Nimeiomba ChatGPT mada 50, ikanipa zilezile nilizonazo. Rafiki yangu kanishauri nilipie programu ya kutafuta maneno, lakini nilipoijaribu iliniambia maneno yangu ya Kiswahili yanatafutwa na watu sifuri. Mwingine anasema nitafsiri makala za Wamarekani. Natumia simu tu na bando la kubana. Je, mtandaoni kuna mahali pa kupata mawazo mapya, au nibadili somo la blogu? Na nikiyapata, niandike mara ngapi kwa mwezi?"

Ndugu msomaji, usibadili somo. Ulichomaliza ni vichwa vikubwa tu. Uliligawa somo la kuku kwa sura, kama vitabu vya ufugaji vinavyofanya, na sura huisha upesi. Lakini mfugaji hatafuti sura. Mtu aliyeshika simu saa 4 usiku kwa sababu vifaranga wake wa wiki 4 wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka na kinyesi kina damu, anaandika hayohayo anayoyaona. Makala yako ya "Magonjwa ya kuku na tiba zake" huenda ina jibu lake mahali fulani katikati, ila Google haina sababu ya kuamini kwamba ukurasa wenye magonjwa 12 ndio unaomhusu yeye. Kazi ya mwaka wa pili ni kuteremka kutoka kwenye sura hadi kwenye swali la mtu mmoja. Na maswali hayo yapo mtandaoni, mengi yakiwa wazi, ya bure, kwa Kiswahili cha wafugaji wenyewe.

Kabla ya kukuonyesha yalipo, kuna mambo matatu yaliyokukatisha tamaa bure.

La kwanza ni ile sifuri. Programu za kutafuta maneno hukadiria idadi ya utafutaji kwa kila kifungu cha maneno jinsi kilivyoandikwa, na Kiswahili kinaziponyoka. Tatizo ni moja, lakini mmoja ataandika "kuku hawatagi", mwingine "kuku wangu hatagi", mwingine "kuku kutotaga mayai", "kwanini kuku wameacha kutaga", "dawa ya kuku kutaga sana", na wa mwisho atachanganya lugha: "layers hawatagi", yaani kuku wa mayai. Viambishi vyetu vinalitawanya swali moja katika vifungu vingi, kila kifungu kinabaki na watu wachache, na programu ikikosa takwimu za kutosha inaandika 0. Isome sifuri hiyo kuwa "sina takwimu". Vifurushi vya kawaida vya programu kubwa kama Ahrefs na Semrush huuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani kwa mwezi. Kwa blogu ya Kiswahili ya somo moja sioni namna fedha hiyo itakavyokurudia. Inunulie bando.

La pili ni ChatGPT. Programu za akili mnemba hutoa maneno yanayoelekea zaidi kufuatana, kutokana na maandishi mengi zilizofunzwa nayo. Ukiiomba mada 50 za kuku inakupa wastani wa kila kilichokwisha kuandikwa, na wastani huo ndio uliokwisha kuumaliza wewe. Ina matumizi mazuri, lakini baadaye kwenye kazi, wakati tayari una maswali mkononi. Nitarudi hapo.

La tatu ni kutafsiri. Kwanza kuna sheria: haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi, na Tanzania jambo hilo limo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Bila ruhusa unajiweka pabaya. Lakini hata ungepewa ruhusa, makala nyingi za kule hazimsaidii msomaji wako. Chukua swali la kuku kuacha kutaga. Makala za Marekani huanza na majira ya baridi: siku zinafupika, kuku anayehitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 ili atage vizuri anapunguza au anasimama, basi weka taa. Dar es Salaam mchana hauteremki sana chini ya saa 11 na nusu wala kupanda sana juu ya 12 na nusu mwaka mzima, na Mwanza tofauti ni ndogo zaidi. Mfugaji wa Mwanza ambaye kuku wake walitaga vizuri mwezi Mei wakaacha mwezi Juni hawezi kupewa sababu hiyo. Atanunua taa, atalipa umeme, na kuku hawatataga, kwa sababu shida yake iko kwingine: wameanza kuatamia, wananyonyoka manyoya, wana viroboto, au alibadilisha pumba. Soma makala za Kiingereza kwa ajili ya kuelewa mwili wa kuku unavyofanya kazi, kisha funga, uandike kwa mazingira yako.

Mahali pa kwanza pa kusikilizia

Anza na kisanduku cha kutafutia cha Google chenyewe. Yale maneno yanayojitokeza chini unapoandika yanatokana na utafutaji halisi wa watu, yakichujwa kwa lugha, mahali ulipo na mambo yanayovuma. Yanaathiriwa pia na historia yako mwenyewe, kwa hiyo fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, la sivyo utaonyeshwa uliyozoea kuyatafuta ukadhani ndiyo taifa zima linayatafuta.

Kwa Kiingereza watu hufundishwa kuandika neno na kuongeza herufi moja moja, a, b, c. Kwa Kiswahili njia hiyo inatoa kidogo, kwa sababu uzito wa swali letu umo kwenye kiambishi na kwenye neno linaloanza. Andika "kuku hawa" uishie hapo, uone kinachokuja. Kisha "kuku wana", "kuku ana", "vifaranga wana", "vifaranga wa wiki", "dawa ya kuku", "dalili za kuku", "bei ya kuku", "jinsi ya kumtambua", "tofauti ya kuroiler na". Kila moja andika bila kubonyeza kutafuta, piga picha ya skrini, endelea. Halafu fanya kinyume: andika "kwa kuku" peke yake, rudisha kishale mwanzoni mwa mstari, ongeza neno kama "mwarobaini" au "vitunguu saumu" au "chumvi". Hapo ndipo zinapojitokeza tiba za nyumbani ambazo watu wanazijaribu, na kila moja ni makala: inafanya kazi gani, haifanyi kazi gani, ina madhara gani ikizidi.

Rudia zoezi lilelile ndani ya YouTube. Usiliruke hili. Wafugaji wengi hutafuta video kabla ya maandishi, na mapendekezo ya YouTube ni tofauti na ya Google kwa sababu yanatokana na watu wanaotafuta humo humo. Hutumii bando la maana, maana hufungui video yoyote.

Kuna pia kile kisanduku cha maswali ambayo watu wengine huuliza, katikati ya matokeo ya Google. Kwa utafutaji wa Kiswahili mara nyingi hakitokei. Kikitokea, gusa swali moja, litafunguka na kuzaa mengine chini yake.

Maoni na vikundi: hapa ndipo penye mali

Mapendekezo ya Google yanakupa maneno manne matano. Maoni yanakupa mtu mzima na shida yake nzima. Tafuta video za Kiswahili za kuku zenye watazamaji wengi, fungua moja, isimamishe mara moja, shuka kwenye maoni na uyapange kuanzia mapya. Ruka pongezi. Unachotafuta ni maoni yenye alama ya kuuliza, hasa yaliyokaa bila kujibiwa, na zaidi sana swali lililoulizwa na watu watatu wanne kwa maneno tofauti. Mwenye video amezungumza dakika 20 na bado watu wanauliza kitu kilekile: hilo ni pengo, na pengo ndilo wazo.

Kwenye vikundi vya Facebook vya wafugaji usisome kuanzia juu kwenda chini, utachoka. Fungua kikundi, gusa alama ya kutafuta ya ndani ya kikundi, uandike maneno ambayo Mswahili huanza nayo akiwa na shida: "naomba msaada", "naomba ushauri", "wadau", "wanakufa", "shida ni nini", "nimepata hasara". Neno "hasara" lina faida kubwa kuliko yote, kwa sababu linaleta watu wanaoeleza walichofanya hatua kwa hatua hadi kikaharibika. Kwa majukwaa yaliyo wazi kama JamiiForums, tumia Google yenyewe: andika site:jamiiforums.com kisha maneno yako, mfano site:jamiiforums.com vifaranga wanakufa. Matokeo yatatoka humo tu.

Nakupa mfano mmoja wa kitu ambacho huwezi kukipata kwingine. Makala zote za chanjo ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri, zinasema jambo lilelile: chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko za zamani, tone moja kwenye jicho, rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Ni sahihi. Lakini mwenye kuku 12 anauliza swali jingine kabisa: chupa imetengenezwa kwa ajili ya kuku wengi, mara nyingi mia na zaidi, mimi nitaifanyia nini? Wengine wanaacha kuchanja kwa sababu hiyo tu. Hapo kuna makala nzima: namna ya kuwakusanya majirani watano, kuchagua siku, nani ashike chupa, namna ya kuitunza isipate jua mkiwa mnazunguka nyumba kwa nyumba, kwa nini isibakizwe ya wiki ijayo ikishafunguliwa na kuchanganywa, gharama igawanywe vipi kwa kichwa cha kuku. Hakuna programu ya maneno itakayokupa wazo hilo. Limo kwenye maoni ya mtu anayelalamika.

Angalizo mbili kuhusu vikundi. Kwanza, chukua swali, mwache mtu. Usipige picha ya skrini yenye jina, sura au namba ya simu ukaiweka kwenye blogu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasingekuwa na sheria, mtu aliyeeleza hasara yake kwa wenzake hakukuomba umtangaze. Pili, majibu yaliyomo kwenye maoni ni malighafi ya maswali, hayafai kuwa jibu. Watu 15 wakisema "wape tetracycline", ambayo ni dawa ya bakteria, hawajathibitisha chochote, kwa sababu hakuna aliyempima kuku. Ukiyachukua hayo ukayaweka kwenye makala, umeyapa heshima ambayo hayana, na msomaji wako atamwaga dawa kwenye maji kwa ugonjwa wa virusi ambao dawa hiyo haiugusi.

Hazina iliyo ndani ya blogu yako

Una makala 40, maana yake huenda Google inakuonyesha kwa watu kila siku, hata wasipobonyeza. Rekodi ya hayo yote iko Google Search Console, ni bure, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Ingia kwa akaunti yako ya Google, ongeza anwani ya blogu, thibitisha kwamba ni yako, usubiri siku chache takwimu zijae. Kwenye ukurasa wa utendaji utaona orodha ya maneno yaliyotafutwa, mara ngapi blogu yako ilionekana, mara ngapi ilibonyezwa, asilimia ya waliobonyeza, na wastani wa nafasi yake. Takwimu zinahifadhiwa kwa miezi 16, na skrini inaonyesha hadi mistari 1,000. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kulinda faragha, kwa hiyo jumla haitalingana, usihangaike nayo.

Washa vipimo vyote vinne, chagua miezi 12 au zaidi, kisha tafuta mistari ya aina hii: imeonekana mara nyingi, nafasi ni kati ya 8 na 20, waliobonyeza ni wachache au hakuna. Maana yake Google haijapata jibu zuri, ikakuweka wewe kwa kubahatisha. Gusa mstari huo uone ni ukurasa gani ulionyeshwa. Mara nyingi utakuta ni ile makala yako kubwa ya magonjwa inayoonyeshwa kwa swali ambalo umeligusia kwa sentensi moja. Hilo ni wazo ambalo tayari lina ushahidi wa watu.

Orodha ikiwa ndefu, chuja. Kwenye kichujio cha maneno chagua ile aina inayokubali mpangilio maalumu, Custom (regex), na uandike hivi: ^(je|kwa nini|kwanini|jinsi|namna|dawa|dalili|bei) . Alama ya kwanza inamaanisha "inaanza na", mistari ya wima inamaanisha "au". Utabakiwa na maswali matupu. Weka "kwa nini" na "kwanini" zote mbili, watu huandika kwa namna zote.

Hapa kuna kosa ambalo huharibu blogu nyingi zenye mawazo mengi. Ukiona swali, usikimbilie kuandika makala mpya. Jiulize kama mtu huyo na msomaji wa makala yako ya zamani wanataka kitu kimoja. Kama ni kimoja, ongeza sehemu kwenye makala ya zamani. Ukiandika kurasa mbili zinazojibu swali lilelile zitagombania nafasi moja, na mara nyingi zote mbili hushuka. Makala mpya iandikwe pale ambapo hali ya mtu ni nyingine.

Nikuonyeshe kwa "kuku hawatagi". Linaonekana swali moja, lakini ukisoma maoni utakuta watu tofauti. Kuna mwenye mtetea wa miezi 7 ambaye hajawahi kutaga. Kuna ambaye kuku walikuwa wanataga wakaacha ghafla wote kwa wiki moja. Kuna ambaye anaokota mayai yasiyo na gamba gumu. Kuna ambaye mayai yanapungua kwa sababu kuku mmoja anayadonoa na kuyala, na mwingine ambaye kuku wanatagia kichakani na hajui. Na kuna ambaye hana tatizo lolote: kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga kwa wiki nyingi, na katika kipindi hicho chote hatagi. Huyu anahitaji kuelezwa mzunguko huo na kuonyeshwa namna ya kuufupisha kwa kuwatenga vifaranga mapema. Hao ni watu sita, makala sita, hakuna inayogongana na mwenzake. Ile makala yako ya jumla unaigeuza kuwa mlango: sentensi mbili tatu kwa kila hali, na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye hali yake.

Majira, na nyaraka zisizosomwa

Google Trends, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha neno linavyotafutwa kadiri muda unavyokwenda, itumie kwa kazi moja tu, kujua wakati. Chagua Tanzania, miaka 5, andika neno pana kama "kuku" au "vifaranga". Grafu yake haihesabu watu: 100 ni kilele cha neno hilo ndani ya muda na eneo ulilochagua, 50 ni nusu ya kilele hicho, na 0 ni uhaba wa takwimu. Ukiandika kifungu kirefu cha Kiswahili utapata mstari mtupu, ndiyo maana nasema neno pana. Angalia kama kuna mwezi ambao unapanda kila mwaka. Ukiuona, makala yako itoke wiki 6 hadi 8 kabla, kwa sababu Google huchukua muda kuuzoea ukurasa mpya. Badilisha pia kutoka utafutaji wa wavuti kwenda wa YouTube ulinganishe. Kama una wasomaji wa Kenya, iangalie peke yake, maana huko wengi hutafuta kwa Kiingereza. Orodha ya maneno yanayopanda kwa kasi iangalie kwa tahadhari, mara nyingi ni habari ya wiki moja.

Chanzo kinachopuuzwa zaidi ni nyaraka. Watafiti wetu huandika mengi ambayo mfugaji hatayaona kamwe kwa sababu yako kwa Kiingereza ndani ya faili. Andika kwenye Google kuku filetype:pdf site:go.tz upate miongozo ya serikali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hazina ya tasnifu mtandaoni, na nyingi zimefanyika kwenye wilaya unazozijua: kuku wanakufa umri gani zaidi, wafugaji wanalisha nini, soko linakwama wapi. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wana miongozo ya wazi. Usisome kurasa 90. Soma muhtasari, kisha ruka hadi kwenye majedwali na mapendekezo ya mwisho. Jedwali moja la vyakula vya kienyeji na kiasi cha protini yake linakupa makala ya dagaa dhidi ya mashudu ya alizeti, ambayo mfugaji ataisoma akiwa dukani. Taja ulikoitoa takwimu na uandike kwa maneno yako. Jarida la Mkulima Mbunifu na video za Access Agriculture zina Kiswahili safi cha ufugaji, zisome na kuzitazama upate pia maneno ambayo mkulima anayaelewa.

Mawazo yakikusanyika

Weka daftari au jedwali la Google Sheets lenye safu nne tu: swali kwa maneno ya muulizaji bila kulisahihisha, ulipolitoa, tarehe, na nani anaweza kulijibu kwa uhakika. Kulihifadhi kwa maneno yake ni muhimu, kwa sababu kichwa cha makala kitatoka humo. Ukiliandika "Changamoto za vifo vya vifaranga" umelipoteza; "Vifaranga wa wiki 2 wanakufa mmoja mmoja usiku" linakwambia mpaka mahali pa kuanzia, kwenye joto la banda.

Yakifika maswali kama 50, ndipo ChatGPT inapofaa. Ipe orodha hiyo na uiombe iyapange kwa hali zinazofanana na ikuonyeshe yanayorudiwa. Kazi hiyo inaiweza, na wewe utaihakiki kwa macho. Usiiulize dozi ya dawa wala ratiba ya chanjo.

Kuhusu mada ambazo wenzako wameshaandika: fungua matokeo matatu ya juu na uyasome kama mfugaji mwenye tatizo. Bei ni za mwaka gani? Vipimo vipo, au wamesema "kiasi cha kutosha"? Dawa iliyotajwa inapatikana madukani kwetu? Maoni ya chini yanauliza nini? Yote yakiwa yamejibiwa vizuri, liache swali hilo na uwape wasomaji wako kiungo. Ikiwa hata moja limekosekana, andika, na uanze na hilo lililokosekana.

Kuna mambo ambayo mtandao hautakumalizia. Kila makala inayotaja dawa, dozi, chanjo au dalili za ugonjwa unaoua haraka ipitiwe kwanza na afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo, ana kwa ana. Nenda na maswali yako matano yaliyoandikwa, yatachukua nusu saa, na utatoka na mawazo mengine juu yake. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo naye anajua nini kiliulizwa wiki hii. Kuhusu wajibu wa kisheria wa blogu yako, Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilitungwa 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Nenda ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize blogu ya aina yako iko upande gani, usitegemee ulichosikia kwenye kikundi. Na ukifungua Search Console ukakuta kurasa zako nyingi hazijaingizwa kabisa kwenye Google, acha kutafuta mawazo kwa muda, mtafute mtu anayejua ufundi wa tovuti akae nawe kwenye skrini. Makala isiyoonekana haitasaidiwa na mada nzuri.

Umeuliza uandike mara ngapi kwa mwezi. Kwa mtu mmoja mwenye simu, makala 2 zilizohakikiwa kwa mwezi na makala 2 za zamani zilizofanyiwa marekebisho zinatosha, na hayo marekebisho mara nyingi huleta wasomaji mapema zaidi, kwa sababu kurasa hizo Google inazijua tayari. Tenga saa moja kwa wiki ya kukusanya maswali tu, siku tofauti na ya kuandika. Anza wiki hii na Search Console, kwa kuwa takwimu zake ni za wasomaji wako hasa, kisha maoni ya YouTube. Trends na nyaraka zinaweza kusubiri mwezi ujao.